Vitambaa Safi Chini ya Kikwembe

Nikinusa sabuni ya kipande iliyokaukia juani, narudi mbio utotoni, kwenye ua wa parsele yetu ya Bunia, mbele ya kamba ya nguo ya Tantine Feza, mke wa baba yangu mdogo.

Vitambaa vyake vya kila mwezi alivianika chini ya kikwembe cha maua ya njano, wanaume wasivione. Siri gani hiyo! Hata mbuzi walijua. Koko, mama mkwe wake, akikiona kikwembe kile alitoa mguno wa kutikisa mabati ya mtaa mzima: "Tena?"

Mimi sikuelewa kitu. Nilijua tu kwamba mara mbili Koko alitangaza mimba ya Tantine kanisani, akapiga vigelegele vilivyosikika hadi Kasenyi, kule ziwani, na mara mbili majirani waliokuja kupongeza walirudi kumwangalia Tantine akilia.

Basi asubuhi moja nikamkuta anafua vitambaa vyeupe kama unga wa muhogo.

"Tantine, hivi viko safi. Sababu gani unafua?"

"Weye mutoto, leta maji."

"Lakini haviko na uchafu!"

"Na huo mudomo, niufue pia?"

Akavianika chini ya maua ya njano. Koko akatoka, akaguna. Tantine akainamisha kichwa, mabega yakitetemeka. Nikachungulia nikidhani analia. Alikuwa anacheka!

Nikachanganyikiwa kabisa. Alisema anaenda sokoni na baba mdogo, akarudi bila hata nyanya moja, akameza vidonge akiwa ameelekea ukutani. Mwezi uliofuata akafua tena vilevile visafi. Kanisani nikaomba kwa sauti Mungu amponye ugonjwa wa kufua nguo safi. Watu wakageuka.

Hadi siku moja kikwembe hakikuwa kwenye kamba. Kilikuwa kiunoni mwake, na mbele hakikufika kwa ukubwa wa tumbo. Koko akakaa chini, puu!

"Tangu lini?"

"Tangu ile miguno yako, mama."

Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, kwenye shule ya jioni, mwalimu alipochora ubaoni mfuko wa uzazi unaofanana na kichwa cha ng'ombe, akasema miezi ya kwanza mimba hutoka kwa urahisi. Nikacheka mpaka nikatolewa nje. Huko nje, kicheko kikaisha. Vidonge vilikuwa vya kituo cha afya. Vitambaa visafi vilikuwa vya kumdanganya Koko. Kama ingetoka na ya tatu, Tantine alitaka alie peke yake. Miguno ya Koko alikwisha kuizoea. Alichoogopa ni vile vigelegele.