Mwili Wangu Unangoja Nairobi, Mama Mkwe Anamtaka Mdogo Wangu

(Jina la dada aliyetuandikia tumelificha, na majina yaliyomo si ya kweli.)

Bwana Mhariri, nakuomba sana usinitaje, maana gazeti lako linasomwa mpaka sokoni Oyugis na mume wangu anajulikana huko. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, nimeolewa upande wa Homa Bay. Nina mtoto mmoja, tumwite Ouma. Kiswahili nilikijua utotoni Nakuru, baba yangu alipokuwa askari polisi. Barua hii naiandika kidogo kidogo, mkono ukichoka naiacha.

Nilipomzaa Ouma nilitokwa na damu nyingi mno. Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa mkunga. Aliponiona macho yanageuka alipiga kelele, wanaume wakanibeba juu ya kitanda mpaka barabarani, na lori la pamba likatufikisha hospitali. Nilipozinduka niliambiwa nimeongezwa damu ya mume wangu. Watu walimshukuru Mungu, nami nilimshukuru. Lakini maziwa hayakutoka, hata tone. Mama mkwe alinikanda, akanipikia uji wa mtama na supu ya samaki, wapi! Ouma amekua kwa maziwa ya ng'ombe, na huyo mama ndiye aliyekuwa akiamka kumchemshia. Nasema haya ili msimwone kuwa mtu mbaya.

Tangu siku ile sijaona mwezi wangu tena. Mwanzoni nilifikiri ni mimba, tumbo likabaki vilevile. Kisha ukaja huu uchovu. Si ule wa mtu aliyelima, maana huo ukilala unaisha. Huu naamka nao. Jua likiwaka mpaka mbwa wanatafuta kivuli, mimi nimevaa sweta. Nyusi zimepungua, ngozi imekuwa nyeupe kama nimejipaka unga. Nikiinama kupalilia, dunia inazunguka. Siku moja nilikutwa nimelala katikati ya mahindi, jembe mkononi, na wake wa shemeji zangu wakacheka: "Mke wa kulala amelala!" Nilisikia, lakini hata nguvu ya kukasirika sikuwa nayo.

Wazee wakasema ni chira, kwamba kuna mwiko umevunjwa katika boma. Nikanyweshwa manyasi, dawa chungu ya mizizi, nikatapika nusura nife. Mume wangu, Baba Ouma, akasema basi, akanipeleka kwa daktari mmoja mgeni. Huyo aliniuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, baada ya kuzaa ulinyonyesha?" Nilipomjibu hapana, aliweka kalamu chini akanitazama. Akaeleza kwamba chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayoamrisha maziwa, mwezi na nguvu za mwili, na mtu akipoteza damu nyingi wakati wa kuzaa, tezi hiyo inaweza kufa. "Nadhani ndivyo ilivyo kwako, lakini kudhani hakutoshi. Lazima upimwe Nairobi ndipo tujue dawa gani na kiasi gani." Nilimuuliza kama nitazaa tena. Akasema, "Nguvu zako nina matumaini zitarudi. Mtoto mwingine, siwezi kukuahidi."

Nililia njia nzima, ila nusu yake ilikuwa furaha. Kumbe si uvivu! Kumbe si laana!

Hayo yalikuwa wakati wa mvua kubwa. Mahindi yamevunwa, mvua ndogo zimeanza, na nafasi ya Nairobi bado. Kila nikienda hospitali kuuliza naambiwa, "Vumilia, mama, utaitwa." Nikirudi nyumbani naulizwa, "Wamesemaje?" Nimechoka kujibu kuliko ninavyochoka kutembea.

Sasa mdogo wangu Akinyi alikuja kunisaidia. Anachota maji, anapika, anamwogesha Ouma. Majuzi mama mkwe aliniita nyumbani kwake, akanishika mkono huu wa baridi. "Nyathina, mwanangu," akasema, "mimi naona. Hutazaa tena, na boma la mtoto mmoja ni boma la upepo. Nikileta mke kutoka mbali atakunyanyasa. Mwombe mdogo wako awe mke mwenzako. Atakutunza, na watoto wake watakuwa wako."

Kwetu si jambo la aibu. Shangazi yangu mwenyewe aliletwa hivyo kwa dada yake, wakaishi vizuri. Nilimuuliza mume wangu. Akasema, "Sikumtuma mama. Lakini wewe ukikubali, mimi sitakataa." Neno hilo limenikaa kifuani. Afadhali angesema anataka, au angesema hataki.

Akinyi ana nafasi ya kusomea unesi Kisumu, mwaka mpya ukiingia. Nilipomweleza alikuwa anaparua samaki. Hakuinua kichwa. "Dada, ukiniambia nikae, nitakaa. Wewe ulinibeba mgongoni. Ila usiniambie kwa sababu umechoka."

Amenijua. Ninampenda Akinyi na sitaki avunje safari yake. Lakini kuna asubuhi nasikia anawasha moto jikoni, na moyo wangu unasema, abaki, abaki tu, nilale. Sijui kama anayesema hivyo ni mimi au ni huu ugonjwa.

Mama mkwe anataka jibu kabla Akinyi hajaondoka. Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi akina mama mliowahi kungoja dawa isiyojulikana itafika lini: nimwache mdogo wangu aende Kisumu, nibaki kuingoja Nairobi na mwili huu? Au nimwombe abaki? Nisaidieni kuamua. Mimi peke yangu siwezi tena.