Kimya Alitaka Kujua

Mtaani walimwita Kimya. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kinywani mwa dada yake tu, na yeye mwenyewe hakuwahi kulisikia, maana alizaliwa kiziwi.

Alikuwa fundi wa makochi. Karakana yake ilitazama barabara, na nyuma ya pazia ndiko alikolala. Mteja alimwonyesha kwa kidole palipobonyea; Kimya akapapasa springi, akang'oa misumari, akabadilisha sponji, akavuta kitambaa mpaka kikakaza. Ya zaidi waliandikiana kwa chaki ubaoni. Kusoma alijifunza shule ya viziwi, na huko ndiko alikopata lugha ya alama, lakini wenzake walishatawanyika kila mtu na njia yake. Wiki nzima ingepita bila mtu kumwambia neno lisilohusu kochi.

Kuswali alifundishwa na baba yake, kwa kuigiza. Baba akiinama, naye anainama. Baba akigusa sakafu kwa paji la uso, naye anagusa. Baba alipofariki, Kimya akawa anafuata mgongo wa yeyote aliyesimama mbele yake. Midomo aliichezesha kama alivyoona kwa wengine, na nyuma ya midomo hamkuwa na kitu.

Alfajiri alizoea kuswali chumbani. Ijumaa moja aliamka mapema kumalizia kazi ya mtu, akaona watu wanaelekea msikitini, akajiunga nao. Rakaa ya kwanza walisimama muda mrefu sana. Mara aliye mbele yake akashuka, naye Kimya akainama kurukuu. Kutupa jicho pembeni, safu nzima iko sakafuni! Akajitupa chini upesi, na wenzake ndio kwanza wanainuka. Alisimama uso umemuiva kwa aibu.

Swala ilipokwisha alimfuata imamu, mtu mpole ambaye wote walimwita Ustadhi, akaomba kalamu na karatasi. Aliandika: "Kwa nini mmesujudu kabla ya kurukuu?" Ustadhi akasoma, akatabasamu, akampigapiga begani. Akajibu chini yake: "Usijali. Mungu anaijua hali yako."

Kimya alirudi na lile jibu mfukoni, na kazi siku hiyo haikwenda. Dada yake alipopita jioni kumjulia hali, alimshika mkono wakaenda wote kwa Ustadhi. Dada hakuijua lugha ya shule. Wao wawili walikuwa na ishara zao za nyumbani, za tangu utotoni.

"Mwambie kaka asijitese," Ustadhi alisema. "Yeye ameshasamehewa."

Dada akafikisha. Kimya akatikisa kichwa kwa nguvu, akagusa sikio, akapunga mkono kulikataa, kisha akagonga paji la uso, na ishara nyingine zikafuata.

"Anasema masikio ndiyo hayafanyi kazi, akili ipo," dada alieleza. "Hataki kusamehewa, anataka kujua. Halafu pale mlangoni mwa msikiti mmebandika kwamba kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Muislamu. Anauliza, na yeye yumo kwenye hiyo 'kila'?"



"Yumo," Ustadhi alisema. "Ila dada yangu, sijui nimfundishe vipi."

"Basi na wewe tafuta, Ustadhi."

Akatafuta kweli. Hospitalini palikuwa na mkalimani wa lugha ya alama, mama mmoja wa makamo asiye Muislamu. Alikubali kuja karakana kila Jumamosi baada ya alasiri, lakini aliweka wazi mapema: "Maneno yenu mimi siyajui. Itabidi unieleweshe mimi kwanza." Kwa hiyo Ustadhi alijikuta anafafanua mambo aliyoyasoma tangu udogoni, anakwama, anarudi nyuma, anaanza upya.

Siku ya kwanza Kimya alijibiwa swali lake: zipo aya ambazo zikisomwa, msomaji anasujudu papo hapo, na walio nyuma yake wanamfuata. Akataka sasa kujua zile nyingine zinasema nini. Wakaanza na Alhamdu, sura ya kwanza ya Kurani, sentensi baada ya sentensi. Walipofika kwenye "Wewe tu tunakuabudu", aliwasimamisha.

"Wewe, nani?" mikono yake iliuliza. "Anaambiwa nani?"

"Mungu," mkalimani akajibu. "Anayeswali anamwambia Mungu."

"Kumbe ni mazungumzo?"

Ustadhi aliitikia kwa kichwa. Kimya akawapa mgongo, akachukua mto uliokuwa karibu, akaanza kuusindilia sponji ilhali ulikuwa umejaa tayari. Walimwacha. Miaka yote hiyo alisimama katikati ya watu wanaozungumza na Mungu, akidhani wanainama tu kama yeye.

Alipotulia aliuliza kama Mungu hupokea dua ya mikono. Ustadhi angeweza kumjibu papo hapo kwa huruma. Badala yake alisema, "Ngoja nikasome." Jumamosi iliyofuata alirudi na jibu: wanazuoni walikwisha kulizungumza, na ishara ya asiyeweza kutamka, ikifahamika, huhesabiwa kuwa ndiyo maneno yake. Kimya aliomba airudie.

Kisha mkalimani akahamishiwa hospitali ya mbali, na wa kushika nafasi yake hakupatikana. Ustadhi alijitahidi kwa alama chache alizookota, lakini vidole vyake vilikuwa vizito. Siku moja alitaka kusema "subira" akasema "mbuzi", Kimya akacheka mpaka akaegemea ukuta. Hata hivyo Jumamosi nyingi Ustadhi alikuwa na mazishi, ndoa, watu wake. Kimya alifagia karakana, akakaa kwenye kochi la mteja na tafsiri ya Kurani mapajani, akasoma polepole, akiandika kwa chaki ubaoni neno lililomshinda. Wapita njia walimpungia mkono wakaendelea na safari zao.

Magharibi moja dada yake alifunua pazia la nyuma akamkuta amekaa kwenye mkeka, ameelekea kibla, mikono yake inasema mambo mengi, kwa haraka, bila kusita. Ishara mbili tatu alizitambua: baba, nyumba, asante. Nyingine zote zilimpita. Akaliachia pazia taratibu, akakaa upande wa pili kumngoja kaka yake amalize.