Pikipiki Iliyouzwa Nyuma ya Pazia

Simu iliita Zuwena akimwogesha mwanawe uani, Pongwe, kwa mama mkwe wake. Namba hakuijua. Akapokea kwa mkono wenye povu.

"Zuwena Shekhe ndiye wewe?" Sauti ya mwanamume. "Hapa polisi, Muheza. Pikipiki yako imemgonga mzee, imemvunja mguu. Dereva katoroka. Kesho asubuhi uwe hapa."

"Mimi sina pikipiki, afande."

"Ina jina lako. Usipokuja, tutakufuata."

Simu ikakatwa. Mtoto akapiga maji kwa viganja, akacheka. Zuwena alimtoa beseni akiwa na povu bado, akamfunga kifuani, akaingia ndani na kufunga komeo. Mchana kweupe.

Pikipiki ile aliinunua marehemu mumewe, Ibrahimu, akaiandikisha kwa jina la mkewe. Kijiweni madereva wenzake walimcheka: "Bwana wee, unaendesha chombo cha mkeo!" Naye akawajibu, "Hata mimi mwenyewe ni wake." Alipofariki, mtoto akiwa mchanga bado, Zuwena akakaa eda. Nyumba ilitaka kula, pikipiki ikauzwa kwa mkulima wa Maramba aitwaye Manase. Na kwa kuwa mwenye eda haonani na wanaume wa kando, mapatano yalifanyika ukumbini, yeye yuko chumbani nyuma ya pazia, mtoto yuko titini. Shemeji yake Yasini ndiye aliyezungumza, ndiye aliyekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuandikishana, ndiye aliyetia saini. Manase akakabidhiwa funguo na kadi ya usajili. Suala la kubadilisha jina wakaliacha mpaka eda iishe, maana kule mamlaka ya mapato muuzaji na mnunuzi hutakiwa wote wawili.

Eda ikaisha, Zuwena akampigia Manase simu. "Tutakwenda tu, mama, nivune kwanza mahindi." Mahindi yakavunwa. Simu ikawa haipokelewi. Naye mtoto akaanza meno na homa, jambo lenyewe likamtoka kichwani.

Asubuhi walikwenda Muheza yeye, Yasini na mama mkwe, Bi Mwanamkasi. Zuwena alichukua mfuko wa nguo za mtoto, nyingi kuliko za kwenda na kurudi. Bi Mwanamkasi aliuona ule mfuko, akaupokea yeye.

Afande aliisoma karatasi ya mauziano, akaigeuza, akaisoma tena.

"Aliyeuza hapa ni Yasini. Wewe Yasini, pikipiki ilikuwa yako?"

"Ya shemeji, afande."

"Alikupa barua ya kukuruhusu?"

"Afande, mtu alikuwa eda..."

"Eda naijua, mama yangu kaikaa. Nauliza barua."

Yasini, ambaye njia nzima alikuwa akitania kwamba polisi wanataka soda tu, akabaki anasugua magoti.

"Basi umeuza kisicho chako. Utabaki hapa. Na wewe dada, niletee huyo Manase kabla sijafunga jalada. Bila yeye, mwenye chombo ninayemjua mimi ni mmoja, na mtoto kampakata."

Zuwena alitaka kusema mengi, likamtoka hilo moja: "Afande, huko ndani mtu huingia na mtoto anayenyonya?"

 Afande alishika kalamu, akaandika kitu.

Bi Mwanamkasi alibaki na mwanawe. Zuwena akapanda gari la Maramba na mtoto wake, akiwaza jambo ambalo hakuthubutu kumwambia afande: uso wa Manase hakuwahi kuuona. Yasini tu ndiye anayeujua, na Yasini yuko ndani. Titi alilompa mtoto njiani mtoto alilivuta, akaliacha, akalia. Maziwa hayakuwa yakishuka.

Maramba alielekezwa nyumba ya Manase, nje kidogo ya mji. Mwanamume alikuwa amekaa kwenye mkeka, anapukuchua mahindi. Alipomwona mgeni, akasimama.

"Hodi hapa. Namuulizia Manase."

"Manase hayupo, mama. Kaenda Tanga. Mimi nduguye tu."

 Sauti ile nzito, yenye mkwaruzo, inayovuta mwisho wa neno kama watu wa milimani, aliisikia siku ya mauzo nyuma ya pazia. Lakini je, kama ndugu wana sauti moja? Na kama ndiye, akimfukuza? Akimshika? Nyumba ya pili ilikuwa mbali. Miguu ilimwambia arudi. Mtoto akalia tena.

"Kaka," akasema, "sijapata kuuona uso wako, nilikuwa eda. Lakini siku ile ulisema, mpeni mama uji wa moto, asije akakaukiwa maziwa, na mtoto ananyonya. Wakaniletea, nikanywa. Leo nimekaukiwa, kaka. Wanataka kuniweka ndani."

Yule mwanamume alitazama gunzi mkononi mwake, kisha akaketi palepale.

"Nilimpa kijana abebee abiria," alisema. "Baada ya ajali kanitupia funguo, kakimbia. Nami nikaona, jina si langu, wacha wamtafute mwenye jina. Naogopa, mama. Nina watoto."

"Mimi ninaye huyu."

 Manase aliingia ndani, akatoka amevaa shati safi, na kadi mkononi.

Manase aliandika maelezo yake polisi, na matibabu ya yule mzee yakawa juu yake. Yasini akaachiwa, utani wote umemwisha. Wiki iliyofuata Zuwena, Yasini na Manase walikwenda Tanga kwa wakili, mkataba ukaandikwa upya na kupigwa muhuri, wakaupeleka mamlaka ya mapato.

"Muuzaji ni nani?" karani akauliza.

Yasini alifungua kinywa kwa mazoea. Akakifunga.

"Mimi," alisema Zuwena.

Kadi sasa ina jina la Manase. Hata hivyo pikipiki ikipunguza mwendo karibu na mlango wao, Zuwena humnyakua mtoto kwanza, ndipo achungulie ni nani.