Isale Iliyofuta Malalamiko ya Mdogo Wangu

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka mpaka rangi ya shati nililovaa. Nilikuwa kijana, fundi mwashi, shule nimeiacha darasa la nne, na nilijiona nimemaliza dunia kwa sababu tu ukuta wangu ulikuwa haupindi. Nilikuwa nimepanga chumba Shirimatunda, Moshi mjini, pamoja na mdogo wangu, Aikande. Kwetu ni Old Moshi, juu mlimani. Mimi nilishuka kufuata kazi, yeye akafuata cherehani. Alikuwa anajifunza ushonaji kwa mama mmoja karibu na soko, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Hilo shati alilishona yeye.

Aikande alikuwa na kifafa. Mwenye nyumba hakuuliza, nami sikusema. Tulikaa miezi minne vizuri. Mwezi wa tano akaanguka bombani mbele ya wapangaji wote, ndoo ikamwagika. Toka siku hiyo walisubiri aondoke ndipo wachote maji, na mmoja alikuwa anasugua bomba kwa majivu, kana kwamba kifafa ni masizi. Ujinga huo haujafa, mwanangu. Umebadilisha nguo tu.

Mwenye nyumba akaja mlangoni. "Kijana, nyumba yangu siyo hospitali. Mwisho wa wiki mtoke."

"Mzee, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Ila huyo msichana atanifukuzia wapangaji. Mrudishe mlimani kwa mama yake, huko kuna nafasi ya kuangukia."

Maneno hayo aliyasikia Mama Lea, mpangaji wa chumba cha pili, mwanamke wa Kirua Vunjo aliyekuwa anauza maziwa. Mimi nilitaka kwenda kuvunja meno ya mtu. Yeye akanishika mkono. "Wewe jua kujenga. Haya ya kulalamika niachie mimi." Akanipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akaandika malalamiko, Mama Lea akakubali kuwa shahidi, na mwenye nyumba akaitwa kwa barua aje Jumatatu.

Jumapili, watu wametoka ibadani, nikasikia hodi. Mwenye nyumba huyo, yuko na mzee wa ukoo wake, na mkononi ameshika isale. Kama hujalelewa kwetu, isale ni lile jani refu la kijani linaloota kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba ya migomba ya ukoo. Mtu akikukosea akakujia nalo, ameomba msamaha. Ukilikataa, kosa linamtoka yeye linakuingia wewe. Nimeona watu waliotaka kuuana wakikaa chini kwa ajili ya jani hilo.

"Mwanangu, ulimi uliteleza," akasema. "Kaeni tu."

Nikapokea. Ningefanyaje? Na sikufichi, nilijisikia mkubwa. Mzee wa mvi kuniletea isale mimi, fundi wa matope! Nikatoka pale kifua mbele, nimevaa lile shati. Aikande alikuwa ndani, amekaa kitandani, anasikia kila neno. Sikumwita.

Kesho yake nikaenda kwa mwenyekiti. "Futa, yamekwisha."

Mwenyekiti akaweka kalamu chini. "Yamekwisha kwa nani? Isale umefanya vizuri kupokea, hata mimi ningepokea. Lakini barua imemwita leo, mlete hapa, aseme mbele yangu kwamba mnakaa, niandike, asaini. Ndipo nifunge faili."

"Mwenyekiti, Mchagga hachezei isale."

Akacheka kicheko kikavu. "Haya, fundi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe wa kuambiwa hilo?" Akafuta.

Wiki tatu hazikuisha. Kwanza Mama Lea aliambiwa chumba chake kinahitajika, akahama. Sikuelewa kwamba shahidi ndiye anayeondolewa kwanza. Kisha siku moja narudi kutoka kazini, siku nzima nimepandisha kozi za tofali, mstari juu ya mstari, nakuta kufuli jipya mlangoni, godoro letu liko uani limelowa mvua, na Aikande amekaa juu ya sanduku. Mwenyekiti akamwita tena mwenye nyumba. Naye akajibu kwa upole kabisa: "Huyu tulipatana, muulizeni mwenyewe. Nilimpelekea isale. Kuhama wametaka wao." Karatasi ilikuwa imefutwa kwa mdomo wangu mimi. Mama Lea hatukujua alikohamia. Nani angenisikiliza?

Nikamrudisha Aikande Old Moshi, na ushonaji ukaishia hapo. Mwezi wa pili tangu arudi, kifafa kikamkuta peke yake jikoni, akaangukia mafiga. Hakufa. Lakini vidole vya mkono wa kulia viliungua vikashikana, na mpaka leo hajashika mkasi.

Nilikwenda kumwomba msamaha hospitalini. Aliniangalia bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. "Kaka," akasema, "isale alikuletea wewe. Mimi niliyefukuzwa, nani aliniletea?"

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi nilisamehe jambo lililomuuma mwingine, na yeye sikumuuliza.

Basi wewe unayepanga, nisikilize, maana wenye nyumba wa namna ile bado wapo. Leo utakataliwa kwa kabila, kesho kwa dini, kwa ugonjwa, kwa ulemavu, kwa kuwa mjane, kwa kuwa mwanamke asiye na mume. Kuna watakaokwambia mwenye nguvu mpishe. Hao hawajawahi kuona godoro lao kwenye tope.

Akikuambia neno la kukubagua, liandike siku hiyo hiyo, kama lilivyotoka mdomoni mwake, na tarehe, na nani alisikia. Hujui kuandika, mwambie mwanao aandike. Ujumbe wa simu usiufute. Shahidi wako chukua namba yake na ujue kwao ni wapi, kwa sababu naye ni mpangaji kama wewe. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji, malalamiko yawe kwenye karatasi, na usitoke bila nakala iliyogongwa muhuri. Wakikuzungusha, panda kwa mtendaji wa kata. Kama ni ugonjwa au ulemavu, pita ustawi wa jamii pia. Tafuta wasaidizi wa kisheria, hao wanaosaidia wanyonge bure, wakuelekeze kama shauri ni la baraza la ardhi na nyumba la wilaya au la mahakama. Akitupa vitu vyako nje au akibadilisha kufuli, vipige picha kabla hujaviokota, kisha nenda polisi. Na usimpige mtu. Ukimpiga, kesi inageuka jina, mshtakiwa unakuwa wewe.

Na akija kukuomba msamaha, msamehe, sisi si wanyama. Lakini aliyeumizwa ndiye akae mbele, hata akiwa mdogo wako, hata akiwa msichana. Na mliyokubaliana yaandikwe ofisini kabla hujasema futa. Mzee yeyote akikuambia kuandika ni kuivunjia mila heshima, mwambie mimi nimekataa, na kwamba nilikataa baada ya kuona mkono wa Aikande.

Leo nina vyumba vyangu vya kupangisha, tofali nilifyatua mwenyewe, hakuna aliyenipa hata kokoto. Simuulizi mtu anaanguka au haanguki. Hilo halimrudishii mdogo wangu vidole, najua.

Nenda, mwanangu. Ruwa, Mungu wa baba zetu, akutangulie katika kila mlango unaobisha. Akupe jirani asiyeogopa kusema alichosikia. Akupe ulimi wa kusema haki yako bila kutetemeka, na masikio ya kumsikia aliyeko ndani kabla hujajibu kwa niaba yake.