Kengele ya Mbwa Wetu Kimbunga

Enzi zetu hapa Runazi mtoto alifurahia muhogo wa kuchoma na mpira wa majani ya migomba, siyo hawa vijana wenu ambao bando likiisha wanaumwa kichwa. Mimi huyu mnayeniita Redio kwa kuongea, enzi hizo nilikuwa na kigugumizi cha kutisha. Ukiniuliza jina asubuhi, nikimaliza kulitaja maharage yameiva, yameliwa na sufuria imeoshwa. Wenzangu wa darasa la tatu waliniambia, "Wewe anza leo, sisi tutakuja kusikia kesho."

Nyumbani kila mtu alinimalizia maneno. Nikianza "Naomba ma-ma-ma", mama ameshaniletea maji, kumbe nataka mahindi. Basi nakunywa tu.

Kina mama wa sokoni wakamwambia mama dawa ni kunywa maji kwenye kengele ya mbwa. Baba alikuwa nayo, ya chuma, ya mbwa wake wa kuwinda, Kimbunga. Mbwa mkubwa yule, kwenye kivuli chake wachungaji wawili walipumzika na mmoja akakoroma. Siku moja, mchana kweupe, Kimbunga akaingia porini anafukuza ngiri, hakurudi. Baba aliokota kengele tu, ukanda umefungwa vilevile, kama shingo imejichomoa yenyewe. Damu hakuna, hata unyoya mmoja hakuna.

Nikanywa maji ya kutu mwezi mzima. Kigugumizi palepale. Baba akaitundika kengele kwenye msumari juu ya mlango.

Sasa mchana mmoja tunakula, mimi nimekwama, mama amefungua mdomo anisaidie. Kengele ikalia. Mara moja, taratibu, kama mbwa anajikuna. Upepo hakuna, moshi wa jikoni umesimama wima. Matonge yakaganda hewani. Katika kimya kile neno langu likatoka zima. Tangu siku ile nikikwama inalia, na ikilia hakuna wa kuthubutu kunimalizia.

Ukaja mtihani wa Komunio ya kwanza. Mwaka wa nyuma nilishindwa kumjibu padri, nikarudishwa kukaa na watoto wadogo, magoti yangu yanafika kwenye masikio yao. Nikishindwa tena, mama alisema hatapita tena mbele ya kanisa. Padri akauliza nani aliniumba. Nikakwama. Katekista akavuta pumzi anijibie.

Nje kengele ile ikalia. Na makucha yakakwaruza ukuta.

Padri akageukia dirisha, akasubiri. "M-m-m... Mungu," nikasema. Mama alinisubiri nje upande wa jiko la padri, baba upande wa migomba. Nilijua tu mmoja wao ameificha nguoni.

Miaka ikaenda. Baba akiwa kitandani, anaumwa, akanishika mkono. "Mama yako ndiye alinifundisha kukusubiri," akasema. "Alikuwa anaitikisa ile kengele kwa ujanja, sijawahi kumkamata." Nikacheka sana.

Baada ya matanga, mama naye akaniambia tunachambua maharage: "Baba yako, mwanangu, alinikomesha kukumalizia maneno. Na kengele yake ile. Alidhani sijui ni yeye."

Safari hii sikucheka. Nikaendelea kuchambua maharage, na mama sikumwambia aliyoyasema baba mpaka tukamzika.

Siku hizi nyumba ina redio, ina televisheni, kila mtu na simu yake. Wote wanaongea, hakuna anayengoja. Mjukuu wangu Neema naye ana kigugumizi. Jumapili amesimama mbele yangu, "Shi-shi-shi", mama yake kamalizia bila kuinua macho kwenye simu.

Kengele ikalia mlangoni.

Enzi zetu nyumba nzima ingeganda. Jumapili hiyo hakugeuka mtu ila mtoto. Nikaweka kidole mdomoni, tukanyamaza mimi na yeye, tukangoja. Akaitoa yote, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu," nikaitikia polepole, huku nasikia makucha yanaondoka uani.