Mpiga Chapa Aliyesoma Hadi Mwisho

Shangazi yangu hakumaliza sekondari, na ukimkumbusha hilo atakuuliza wewe uliyemaliza umesoma nini mwaka huu. Kwa miaka ishirini na sita amekuwa mpiga chapa wa ofisi inayopendekeza tamthilia mpya kwa shule na vikundi vya maigizo. Waandishi huleta miswada, mingine imeandikwa kwa mkono nyuma ya karatasi za kliniki. Yeye huichapa, huitolea nakala, na kuishona kwa sindano ya magunia, kwa sababu pini za ofisi, anasema, hazishiki hata ahadi za wakubwa. Kisha kamati ya watu watatu huchagua tamthilia tano. Iliyochaguliwa huigizwa nchi nzima. Iliyoachwa huliwa na mende kabatini.

Mimi huandika kumbukumbu za vikao vya kamati. Aliyeniingiza pale ni yeye, kwa hiyo mkiona nampendelea, mmeona sawa.

Mwaka huu alipenda mswada mmoja kupita kiasi. Uliandikwa na muuguzi wa wodi ya wazazi, binti mwenye haya aliyeuleta akiwa bado na sare ya kazi. Katika sehemu ya mwisho, wanawake waliokuwa wakilazwa wawili kitanda kimoja wanatoa magodoro nje, wanayapanga mlangoni kwa mganga mkuu, na kukataa kuondoka. Shangazi aliichapa akilia.

"Huyu mtoto ana jicho," aliniambia. "Wakimwacha, watanieleza."

Jumatano ya kikao alikuja mezani kwangu uso umemshuka. Alikuwa amefungua nakala ya akiba na kukuta balaa. Siku ya kushona, mimi nikimpigia soga, alichanganya sehemu za mwisho za miswada miwili. Mwisho wa muuguzi aliushona kwenye tamthilia ya mfalme na washauri wake, kazi ya rafiki wa mwenyekiti, na mwisho wa mfalme ukaenda kwa muuguzi. Nakala zote ziko hivyo, na wanakamati walikuwa nazo wiki tatu.

"Mbona hakuna aliyepiga simu?" nikauliza.

"Mwanangu, hilo ndilo ninalojiuliza na mimi."

Nilimsihi anyamaze. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu, na tayari ulimi wake ulishamletea barua mbili za onyo. Ya tatu ingemtoa kazini.

"Funika kombe mwanaharamu apite, Shangazi."

"Ameshapita vya kutosha huyo. Leo nalifunua. Nikinyamaza, mtoto wa watu atahukumiwa kwa mwisho usio wake."

Mwenyekiti, mtu wa tai na sauti nzito, alianza na mfalme. "Kazi iliyokomaa. Nimeisoma mara mbili. Pale mwishoni, mfalme anapotubu mbele ya raia, machozi yalinitoka." Mkaguzi wa shule akaitikia kwa kichwa, kama afanyavyo kila mwaka. Mwalimu mstaafu, mjumbe wa tatu, alitazama meza. "Huyu muuguzi bado mchanga," mwenyekiti akaendelea. "Mwisho wake umelegea. Tumwache."

Shangazi, aliyekuwa ameketi pembeni na nakala za akiba, akasimama.

"Mwenyekiti, fungua mfalme wako ukurasa wa sitini."

"Wa nini?"

"Fungua tu, baba."

Akafungua, akasoma kimya, shingo ikaanza kutoka jasho.

"Tusomee na sisi basi! Huyo mfalme amelazwa wodi ya wazazi, anasubiri uchungu. Sasa alitubu kabla ya kujifungua au baada?"

Mwalimu mstaafu alicheka hadi akapaliwa. Shangazi hakucheka.

"Nilikosea kushona, na kosa langu nalikiri. La kwenu nani atalikiri? Wiki tatu mnatembea na kazi za watu kwapani, halafu mnapendekeza majalada!"

"Hayo yasiandikwe," mwenyekiti akaniambia. "Na wewe, mama, barua yako unaipata kesho."

"Ije. Mwanangu, andika."

Niliandika yote, pamoja na kile kicheko.

"Mimi pia sikusoma," mwalimu mstaafu akasema, na aliona aibu kweli. Akamwomba Shangazi amshonee upya mswada wa muuguzi palepale, akaondoka nao.

Alhamisi barua ilifika: mwisho wa mwezi, aondoke. Mimi nililia chooni. Yeye aliisoma, akaikunja, akaendelea kuchapa.

Ijumaa kikao kilipoendelea, mwalimu alirudi. Macho yalikuwa yamevimba kwa kusoma. "Huu uwe wa kwanza kwenye orodha," akasema. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, na kwa mara ya kwanza kichwa hicho kikamshinda mwenyekiti, ambaye alitoka bila kutia sahihi.

Bila sahihi hata moja, orodha haiendi kiwanda cha uchapaji. Na fomu ina sentensi moja, ileile kila mwaka: *Mimi, niliyesoma miswada yote, napendekeza.* Mwalimu alishika kalamu, akaisoma sentensi, akaiweka kalamu chini. Mkaguzi alitazama dirisha.

Shangazi akavaa miwani. Akatia sahihi, na chini yake akaandika cheo chake kwa herufi kubwa: MPIGA CHAPA.

"Kimbia nayo," akaniambia, "kabla hawajajifunza kusoma."