Makofi yangu ya heshima yamepitisha mpango wa kijiji

Leo nimekubali trekta lipite juu ya kaburi la mwanangu, na sikusema hata neno moja.

Jamani, ngojeni niwaeleze.

Bwana mipango wa wilaya alikuja kwetu huku njia ya Usoke na ramani ya kijiji cha ujamaa. Nyumba huku, shule kule, shamba la tumbaku la pamoja pale kwenye mji wetu wa zamani.

Pale ndipo alipolala Kulwa wangu. Doto, pacha wake, yuko mgongoni mwangu.

"Ndugu wananchi, nataka maoni yenu," akasema. "Mwenye neno aseme."

Nikasimama. Mume wangu akanivuta kanga, sikukaa.

Sasa, kwetu mwanamke hasemi mbele ya wazee kabla ya kupiga magoti na kupiga makofi taratibu. Ndiyo shikamoo yetu. Nikafanya hivyo, na kina mama wote nyuma yangu wakafuatisha.

Mgeni wa watu akatabasamu. "Ahsanteni, kina mama wamekubali. Tuendelee."

Nilipoinuka magotini, alikuwa ameshafika kwenye habari za shule.

Wifi yangu akaninong'oneza, "Wifi, mpango umeupitisha wewe."

Hata yeye mwenyewe hakucheka.

Kesho bwana mipango anarudi kupigilia vigingi vya shamba. Si mtu mbaya, naamini nikimweleza atasikia. Atanikuta nimekaa pale kaburini na Doto, na safari hii nitasema kwanza, makofi baadaye.

Nani atakuja kukaa na mimi?